Kipande cha Bubu

Kiboko cha kwanza kilimpata Hidaya Semkiwa katikati ya mgongo, na papo hapo akajua kuna kitu hakiko sawa.

Si kwamba hakuzoea kipigo. Katika kazi yake alishachomwa visu kwenye picha za vita, alishanyongwa kwenye picha za mapenzi, alishazamishwa mtoni na waume wa kuigiza. Lakini maumivu ya kuigiza yana ladha yake. Fulana ya hisia, anayoivaa mpimaji wa picha kama yeye, ilisoma mwili wa mwigizaji kutoka kwenye picha yenyewe: damu inavyopita chini ya ngozi, mboni zinavyopanuka, mishipa ya shingo inavyokaza. Ikishasoma, ilimvisha mpimaji mwili ule. Na mwili wa mtu anayepigwa kwa uongo ni mwili uliotulia. Mdomo unapiga mayowe, tumbo linawaza wali. Kwa miaka yote aliyofanya kazi Baraza la Urithi wa Picha, Hidaya alilia machozi ya watu wengine huku akisikia uvivu wao.

Hiki kilichana nyama.

Cha pili kikaja hajavuta pumzi. Akauma ulimi, kinywa kikajaa damu. Cha tatu kikamshusha magoti. Ndipo glavu alizovaa, zile zilizoungwa na fulana, zikaivuta mikono yake juu mbele ya uso na kuanza kuichezesha. Kiganja kikakata juu ya kiganja. Ngumi ikagonga kidevu. Vidole vikafunguka, vikarudi, kiganja kikakata tena.

Kichekesho chenyewe hicho. Nchi nzima ilikijua. Katika *Mkonge Mwekundu*, picha iliyooneshwa kila sikukuu kwa miaka sitini, mnyapara wa shamba la mkonge anamchapa Bubu, zuzu aliyepakwa unga usoni, na Bubu anapunga mikono kama kuku anayekimbizwa. Babu walicheka, wajukuu wakacheka. Watoto waliigizana shuleni, mmoja mnyapara, mmoja Bubu.

Hidaya hakucheka. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, na yeye alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Mikono yake ilishasema neno zima, kichwa ndiyo kwanza kinaanza kuelewa.

Inatosha.

"Zima!" alipiga kelele, damu ikimtoka mdomoni. "Mringo, zima!"

Mringo, fundi wa mitambo, aliushusha mkono wa mashine, akaja mbio kutoka kwenye chumba chake cha vioo. Alimkuta Hidaya amelala kifudifudi sakafuni, anatetemeka. Alipomfungua fulana aliona mistari imevimba mgongoni, myekundu, ingawa hakuna kitu kilichomgusa.

"Dada, nimeiweka theluthi ya nguvu tu. Naapa. Theluthi, kama siku zote."

"Huyu mtu haigizi," Hidaya alisema. "Anauawa."

Walirudia, safari hii kwa macho tu. Ndipo walipoona kwa nini hakuna aliyewahi kugundua. Mashine haiwezi kusoma mapigo ya moyo kwenye picha iliyochezewa. Lazima ipewe mkanda wa asili, wenye mwendo wake wa kweli. Na mwendo wa kweli ulikuwa wa polepole. Kile watu walichokicheka miaka yote kilikuwa kimeharakishwa, kikakatwakatwa na kuungwa upya, mikono ikawa mapepe tu ambayo hata kiziwi asingeweza kuyasoma. Kwenye mkanda wa asili mtu alikuwa anasema, tena kwa utaratibu, kama mtu anayejitahidi kuwa na adabu. Inatosha. Naumia. Naomba maji. Inatosha. Mnyapara anaendelea kuchapa. Mwisho Bubu anaanguka ubavu, na kwenye kioo cha mashine mstari wa moyo wake unayumba, unakosa mpangilio, unalala.

Hapo ndipo kumbi zote zilipokuwa zinacheka zaidi.

*

Bi Aneth Mwaluko, mwenyekiti wa Baraza, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Kipande kinafutwa leo alasiri," alisema. "Umesahau? Jumuiya ya viziwi wenyewe ndio walioomba."

"Wameomba kwa sababu wanadhani ni dhihaka, Mheshimiwa. Hawajui ni maiti."

Sheria ilikuwa nyepesi kueleweka. Hakuna aliyekuwa na nakala ya picha nyumbani. Picha zote zilikaa kwenye ghala moja la taifa, na kila aliyetazama alitazama kutoka humo. Baraza likiamua kipande kinatukana watu, mpimaji anakipima mara moja kwa ajili ya kumbukumbu, amri inatoka, na kipande kinatoweka ghalani, kwenye kumbi, kila mahali. Mkanda wa asili nao unachomwa, watu wasije wakauiba na kuuficha. Baada ya hapo ni kama hakikuwahi kuwepo.

"Wiki iliyopita," Bi Mwaluko alisema, "vijana walimzunguka kiziwi mmoja stendi. Wakawa wanampungia mikono hivi." Akataka kuonesha, akaacha. "Naye akawasukuma. Wakampiga mawe mpaka akafa, huku wanaimba ule wimbo wa mnyapara. Nilikwenda msibani, Hidaya. Mama yake alinishika mguu. Sasa wewe unaniambia nikiache kipande kiendelee kuwepo."

"Nakwambia tukikifuta, huyu wa kwanza naye anafutika. Hana kaburi. Hana hata jina kwenye picha, ameandikwa Bubu basi."

"Na ukiwaambia, unadhani watakwenda polisi kuandika maelezo? Watachoma. Wengine nao watachoma. Mimi nachagua walio hai." Akasimama, akavaa koti lake. "Mzee Lugendo ameshafika kubariki ufutaji. Ana miaka themanini na saba, karidhia mwenyewe kazi yake ikatwe. Tusimtie aibu. Nakuomba. Na kama hutaki ombi, basi ni amri."

Hidaya alirudi kwenye korido, akaegemea ukuta. Mgongo ukamkumbusha. Alijaribu kumpinga yule mwanamke kichwani na akashindwa, maana kila alichosema kilikuwa kweli.

*

Ukumbi wa ufutaji ulikuwa chumba cha wastani, chenye mashine upande mmoja na viti upande wa pili. Mzee Faraji Lugendo, aliyeitengeneza *Mkonge Mwekundu* akiwa kijana, alikaa mbele na kofia yake nyeupe, fimbo kati ya magoti. Wafanyakazi walipita mmoja mmoja kumpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya upole, kama babu kwenye harusi.

Upande wa pili alikaa Stumai Mkande, aliyeongoza maombi ya jumuiya ya viziwi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, mvi tupu, kitenge kimekazwa kiunoni kama anayekwenda kulima. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa jumuiya, mmoja wao fundi wa vyuma aitwaye Ngoda, mabega kama mlango. Ngoda alikuwa kaka wa yule aliyeuawa stendi.

Bi Mwaluko alianza hotuba. Mkalimani wa Baraza hakuwa amefika, hivyo alimwonesha Hidaya kidole: tafsiri wewe.

Hidaya akasimama mbele ya Stumai, akainua mikono.

"Mwenyekiti anawakaribisha," alisema kwa alama. Kisha mikono ikagoma. Alimtazama Bi Mwaluko anavyoongea, akamtazama Mzee Lugendo anavyotikisa kichwa kukubali. Watu wa Baraza wote walikuwa na masikio, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua mikono inasema nini.

"Mama, yule kwenye picha unamjua?"

Stumai alimkazia macho. "Ni baba yangu. Unafikiri kwa nini nataka afutwe?"

"Alikwenda wapi?" Hidaya aliuliza.

"Mombasa, na mwanamke. Alitufanya kichekesho cha nchi, akatuacha mimi na mama. Nilikuwa na miaka mitatu. Huyo mzee hapo ndiye aliyemletea mama habari, kwa mdomo wake. Nimepigwa kwa ajili ya ile mikono, binti. Nimetemewa mate. Mume aliniacha kwa ajili yake."

"Hakwenda Mombasa."

"Unajuaje?"

"Nimekuwa yeye leo asubuhi."

Akageuka, akapandisha blauzi yake, akamwonesha mgongo. Kisha akamwambia yote: mwendo ulivyoharakishwa, maneno manne yanayorudiwa, moyo ulivyolala. Hakupunguza kitu. Bi Mwaluko alikuwa amekwishanyamaza, akitazama, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Hidaya. Unawaambia nini?"

Jibu alipewa na Ngoda. Alimpiga mlinzi wa mlango ngumi moja ya taya, na mlinzi akaanguka kama gunia. Mwenzake aliufunga mlango kwa ndani na kuukinga kwa meza. Mringo alitoka kwenye chumba chake akijaribu kusema "jamani, jamani", akapigwa kichwa cha pua, damu ikarukia kioo. Bi Mwaluko alikimbilia kengele ya hatari. Ngoda akamshika mkono, akaukunja nyuma mpaka ukalia, akamkalisha chini kwenye kona.

Stumai hakukimbia. Alivuka chumba kwa mwendo wa kawaida, akachukua fimbo ya Mzee Lugendo, akamchapa nayo usoni. Kofia ikaruka. Akamchapa tena, sikioni, fimbo ikakatika.

Wakamnyanyua mzee, wakamkalisha kwenye kiti cha mpimaji, wakamvisha fulana. Mikono yake myembamba waliisukuma kwenye glavu. Hakuwa na nguvu hata za kuwapinga. Alilia tu, kamasi na damu vikichanganyika kwenye ndevu.

"Muulize," Stumai alimwambia Hidaya.

"Mzee," Hidaya alisema, na sauti yake ikawa ngeni masikioni mwake. "Wanataka kujua ilikuwaje."

"Nilikuwa kijana," Mzee Lugendo alisema. "Jua lilikuwa linazama. Mwanga mzuri ule haukai. Yule aliyeigiza mnyapara alikuwa amelewa, alichukua kiboko cha kweli badala ya kile cha kitambaa. Niliona. Nilidhani atamchapa kidogo tu. Picha ilikuwa inapendeza, binti yangu. Hujui ilivyokuwa inapendeza."

Hidaya alitafsiri. Vidole vilikuwa vizito.

"Alipokuwa anapunga mikono," akamuuliza mzee, "ulijua anasema kitu?"

Mzee akageuza uso pembeni. Ngoda akamshika koo.

"Nilijua anaomba," mzee alisema. "Sikujua anaomba nini. Nikawaambia waendelee. Tulimzika pale pale, nyuma ya kiwanda cha kusaga mkonge. Kulikuwa na kisima kilichokauka."

Hidaya aliitafsiri hiyo nayo, mpaka kisima. Stumai aliisoma bila kupepesa. Kisha akaunyoosha mkono wake kuelekea kwenye mashine.

"Washa."

"Mama, ana miaka themanini na saba. Moyo wake hautaweza."

"Wa baba uliweza?"

Nje walikuwa wameanza kuupiga mlango. Meza ikasogea kidogo. Mringo alikuwa sakafuni ameshika pua, naye hakuwa na la kufanya. Ila Hidaya alijua namna ya kuwasha. Angeweza kuikata waya. Angeweza kusema imeharibika, na ukimwacha Mringo, katika chumba kile hakuna ambaye angejua anadanganya. Alimtazama mzee, akaona babu mwenye mdomo uliopasuka, anayetetemeka ndani ya fulana kubwa kuliko yeye. Akaona pia kijana aliyesimama nyuma ya kamera kwenye mwanga mzuri akisema endeleeni. Mgongo wake ulikuwa unawaka. Baadaye angewaambia polisi kwamba hakufikiri. Haikuwa kweli. Alifikiri vizuri kabisa, na alitaka.

Akaupandisha mkono wa mashine.

Kwenye kioo mnyapara alirudisha bega nyuma, akapiga. Mzee Lugendo alipinda kama upinde, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima wala mtoto. Kiboko cha pili. Macho yakageuka nyeupe, mkojo ukamtiririka miguuni. Cha tatu. Glavu zikaivuta mikono yake ya kizee juu, mbele ya uso, zikaanza kuiendesha kwa ule mwendo wa kweli, wa polepole. Kiganja kikakata juu ya kiganja. Ngumi ikagonga kidevu.

Stumai akarudi nyuma hatua, kama aliyesukumwa.

Hakukumbuka kumwona baba yake akisema. Mama yake hakuwa na picha yake, na kilichooneshwa kumbini kilikuwa mapepe. Sasa alisimama mbele ya mikono inayosema naye, kwa alama za zamani, zile ambazo mama yake alizitumia na wengi waliozijua wameshakufa. Inatosha. Naumia. Naomba maji. Inatosha.

"Zima," alisema.

Hidaya alikuwa ameganda. Kiboko kingine kilikuwa kinapanda.

"Zima! Humwoni? Amesema inatosha! Baba amesema inatosha!" Na Stumai akaurukia mkono wa mashine yeye mwenyewe, akaushusha kwa uzito wa mwili wake wote, ukavunjika mikononi mwake. Picha ikaganda. Mzee Lugendo aliporomoka kitini, akabaki ananing'inia kwenye kamba za fulana, anakoroma.

Ngoda hakukubali. Alimwendea mzee na ngumi imekunjwa, naye Stumai akasimama katikati. Ngumi ilimpata yeye, begani. Akayumba, hakuondoka. Walitazamana hivyo mpaka meza ilipopasuka na polisi wakaingia na virungu. Waliwapiga waliosimama na waliolala. Hidaya alipigwa cha kiwiko, mfupa ukaitika.

*

Mzee Lugendo hakufa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena chini ya ulinzi.

Amri ya kufuta ilisimamishwa, kwa kuwa kipande kilikuwa kimegeuka ushahidi; mahakama ikakifungia, kisioneshwe wala kisichomwe. Lakini maneno ya mzee yalivuja kabla ya jua kutua, na Bi Mwaluko hakuwa amekosea. Nyumba ya Lugendo iliteketezwa. Kumbi mbili zilichomwa, na kwenye mmoja alikuwemo mlinzi aliyekuwa amelala ghorofani. Kesho yake wengine walikwenda kwenye mtaa wa viziwi na mapanga. Hidaya alisoma majina ya waliokufa akiwa mahabusu. Aliyasoma yote, kisha akayarudia, akisubiri moyo wake umwambie kwamba ni heri angenyamaza. Haukumwambia hivyo. Haukumwambia pia kwamba alifanya sawa.

Mpelelezi alimuuliza ni nani aliyewasha mashine. Ngoda alikuwa ameshaandika kwamba ni yeye mwenyewe Ngoda, na Mringo, pua imefungwa bandeji, alikuwa tayari kuapa vivyo hivyo.

"Ngoda hajui hata pa kushika," Hidaya alisema. "Niliwasha mimi."

Alipewa dhamana, mkono ukiwa kwenye plasta, na siku ya kufukua mwili, mahakama ilimtaka awepo kuonesha mahali kamera iliposimama. Kiwanda kilikuwa gofu. Mkonge mpya, ule wa kutengenezea mafuta ya ndege, ulikuwa umepandwa mpaka kwenye kuta zake, na vibarua wa chuma, zile roboti za shamba, walikuwa wamesimamishwa kazi kwa siku hiyo, wamejipanga kwenye mistari kama watu wanaosubiri kuambiwa. Wachimbaji walikuwa binadamu. Stumai ndiye aliyetaka hivyo.

Alikuja akasimama pembeni ya Hidaya. Wakatazama majembe kwa muda mrefu.

"Ile siku ulipokuwa yeye," Stumai alisema, "kulikuwa na kitu kabla ya kiboko?"

Hidaya aliweka mawazo sawa. Kusema kwa mkono mmoja kulimpa shida, na hili hakutaka kulikosea. Kipande kilianza na Bubu akitokea kwenye mistari ya mkonge, anatembea kuelekea kwenye kamera. Sekunde chache tu, ambazo hakuna aliyewahi kuzijali.

"Alikuwa na furaha," alisema.

"Ya nini?"

"Mashine haisemi ya nini. Inakupa mwili tu. Mabega yalikuwa mepesi. Jua lilikuwa linamchoma shingoni na hakujali. Moyo ulikuwa unakwenda haraka kidogo, kama wa mtu anayejua anatazamwa, na anapenda."

Stumai aliendelea kuutazama mkono wa Hidaya hata ulipotulia.

"Mama alisema alikuwa mtu wa kujionesha," alisema hatimaye. "Akipata shati jipya, anazunguka nalo nyumba zote. Nilikuwa namchukia kwa hilo."

Kule kisimani mchimbaji mmoja aliacha jembe, akapiga magoti, akaanza kupangusa udongo kwa vidole. Akainua mkono kuwaita. Polisi wakasogea na hema lao na vifaa vyao, wakamwambia Stumai kwa ishara angoje, atulie, kuna utaratibu wake.

Stumai akavua viatu, akakaza kitenge, akashuka shimoni.